Barua za wasomaji: "Popo hawa wana kazi gani nasi?"

Tangu tulipoweka picha ya popo wa Pemba kwenye jalada la toleo lililopita, meza yetu imejaa barua. Nyingi zimetoka kwa watu wanaoishi kila siku na popo hawa na viumbe wengine wa visiwa vyetu, wanaowakuta shambani, mwambani na ufukweni, na baadhi yao wanawalipia kwa jasho lao. Nimechagua saba na nimezifupisha bila ya kubadili makusudio ya waandishi wake.

"Nina miembe minne na mishelisheli miwili. Kila msimu popo hula kabla yangu. Tunaambiwa tusiwaguse, lakini hatuambiwi wana kazi gani nasi. Wakiisha, ni nani atakayepungukiwa?"
*Mkulima, Wilaya ya Chake Chake, Pemba*

Mzee wangu, swali lako ni la haki, na nasikitika kwamba imekubidi uandike barua ili ujibiwe. Mtu anayetakiwa asimguse mnyama anayekula embe zake alistahiki kuelezwa sababu kabla ya kuelezwa adhabu.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu tuliozaliwa Pemba hatukulijua hadi ukubwani. Popo huyu mkubwa, mwenye manyoya ya rangi ya kutu na uso kama wa mbwa, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha, hana kwengine. Hayupo Unguja, hayupo Tanga, hayupo Mafia. Unguja ilikuwa imeshikana na bara hadi bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu, ndiyo maana wanyama wake wengi wana jamaa zao upande wa pili. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 800, na imekaa peke yake kwa muda mrefu zaidi, hata ikapata viumbe wake yenyewe: ndege wa aina 4, wakiwemo ninga wa Pemba na bundi mdogo tunayemsikia usiku katika mikarafuu, mti wa mpapindi ulioko katika Msitu wa Ngezi, na huyu popo. Kwa hiyo jibu la kwanza ni kwamba ulimwengu mzima utapungukiwa. Akitoweka kwetu, hakuna kisiwa cha pili ambako tutakwenda kuomba mbegu.

Jambo hilo lilikaribia kutokea. Misitu ilikatwa kupisha mikarafuu na mashamba, miti mirefu ya kulalia ikapungua, na bunduki zikafanya kazi ambayo mitego ya zamani haikuweza kuifanya, kwani popo walikuwa wakiwindwa kwa ajili ya nyama. Hesabu ya mwaka 1995 iliwakisia kuwa 5,000 hivi katika kisiwa kizima, na mwaka 1996 wakaorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Zingatia pia kwamba jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mwindaji akiangusha majike kumi katika usiku mmoja, kundi huchukua miaka kujaza pengo hilo.

Kilichowaokoa ni watu wa vijiji kama Kidike, ambao walikubali kuyalinda makundi yanayolala kwenye miti yao, wakaunda vilabu vya hifadhi, wakawafundisha watoto wa skuli, na wakaanza kuwatoza wageni ada ndogo ya kuja kuwatazama. Miaka kumi na kidogo baadaye hesabu ilipindukia 18,000, na popo akatolewa katika daraja la hatari kubwa kabisa, ingawa bado yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini. Sikumbuki mfano mwingine wa mnyama wa visiwa vyetu aliyerudi kwa kasi kama hii, na walioifanya kazi hiyo ni wakulima kama wewe.

Nilisimama Kidike jioni moja kabla ya magharibi. Mchana wa jua kali popo huning'inia kichwa chini, kila mmoja akijipepea kwa bawa moja polepole, kama bibi anavyojipepea kwa kipepeo barazani. Jua likizama huanza kugombana kwa kelele, kisha huachia matawi mmojammoja na kutawanyika kila upande wa kisiwa. Huko wanakokwenda ndiko kazi yao ilipo. Popo anayekunywa utamu wa maua ya msufi huondoka na chavua usoni, akaipeleka kwenye msufi mwingine. Popo anayekula tunda la mvule au la mkuyu humeza mbegu au kuzitema njiani, na huzidondosha mahali ambapo mti mama usingeweza kuzifikisha. Ukiona mvule mchanga umejiotea pembeni mwa konde na hakuna aliyeupanda, huenda mpandaji wake ni yeye.

Juu ya embe zako nina maneno mawili. La kwanza, popo hufuata tunda lililoiva, basi embe na shelisheli zikichumwa zikiwa zimekomaa lakini hazijalainika, na fenesi likivishwa pakacha au gunia kama walivyokuwa wakifanya wazee, hasara hupungua sana. La pili ni maoni yangu, na nayasema wazi: si uadilifu kwamba faida ya popo iwe ya kisiwa kizima na ya dunia nzima, na hasara iwe ya mwenye miembe minne. Kijiji cha Kidike kinapata chochote kwa sababu kundi linalala hapo. Wewe ambaye popo wanakuja kula tu hupati. Wanaopanga mapato ya utalii wa mazingira Pemba wangelitazama jambo hili kabla ya kuongeza mabango ya makatazo.

"Mume wangu huleta nyama ya kasa mara mojamoja. Wazee wetu waliila miaka yote. Je, ni kweli kuwa ni sumu, au ni njia ya kututisha ili tusiwavue?"
*Mama wa watoto wanne, Wilaya ya Mkoani*

Dada yangu, ni kweli, na tafadhali barua yako isipite leo bila ya kuchukua hatua. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, si mbali na kwenu, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Mwezi Novemba 2021 watu 7 walifariki hapohapo Pemba kwa sababu hiyohiyo.

Sumu hii haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Nyama yenye sumu haina harufu yake wala ladha yake, na mpishi hodari hawezi kuitambua. Inaaminika kuwa hutokana na vile kasa anavyokula baharini, na ndiyo maana mtu anaweza kula mara kumi akasalimika na mara ya kumi na moja isiwe hivyo. Kusalimika kwa wazee wetu hakutupi dhamana yoyote. Watoto ndio wanaodhurika zaidi, na mama anayenyonyesha anaweza kumpitishia mwanawe kwa maziwa hata kama yeye mwenyewe anajihisi mzima. Hakuna dawa ya kuivunja sumu hiyo. Madaktari humhudumia mgonjwa kwa dalili zake tu. Mtu aliyekula akianza kichefuchefu, kutapika, kuwashwa mdomo na koo au kushikwa na usingizi usio wa kawaida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aelezwe kwa uwazi alichokula. Watu wengine huficha kwa kuogopa sheria, na wakati unapotea.

Umeuliza pia kama tunatishwa. Sheria ya uvuvi inakataza kuvua kasa, na ingekataza hata kama nyama yake ingekuwa salama. Kasa wa kawaida, yaani kasa wa kijani, huhitaji miaka ishirini na zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Anayechinjwa ufukweni akiwa amepanda kutaga ni mnyama aliyezaliwa pengine kabla ya mwanao wa kwanza, aliyenusurika na kaa, ndege, papa na nyavu za jarife muda wote huo, na anauawa katika saa ileile aliyokuja kurithisha kizazi chake. Wasomaji wengine wamenikumbusha kwamba mwezi Oktoba 2025 kasa wa kawaida aliondolewa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, na ni habari ya kufurahisha, kwa sababu inathibitisha kwamba ulinzi wa miongo mingi katika fukwe za nchi nyingi umezaa matunda. Lakini ng'amba, jamaa yake mwenye gamba lililokuwa likifanywa vitana na bangili, bado yuko katika hali mbaya kabisa, na wavu hautofautishi baina ya huyu na yule.

Mwambie baba watoto kwamba nimekuomba wewe umuombe. Akiwa na shaka, na awaulize watu wa Kisiwa Panza.

"Kima punju wanakula vidaka vya minazi yangu. Ninahesabu vinavyoanguka. Mbuga inapata wageni, mimi ninapata makumbi."
*Mkulima, jirani wa Msitu wa Jozani*

Ndugu yangu, uchungu wako naufahamu, na sitakuambia kwamba unakosea kuhesabu. Nitakuambia kile kilichoonekana pale ambapo watafiti walihesabu pamoja na wakulima kwa miezi mingi. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi huanguka vyenyewe hata pasipokuwa na kima. Kima punju hupenda vile vidogo kabisa, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba mavuno ya mwisho hayakupungua katika minazi waliyoila. Ilikuwa kana kwamba mti umepogolewa, ukaelekeza nguvu kwenye nazi zilizobaki. Nakuomba ufanye hesabu ya pili: usihesabu vidaka vilivyoanguka, hesabu nazi unazoangua kwa mwaka katika minazi inayotembelewa na kima na ile isiyotembelewa, kisha uniandikie. Ikiwa hesabu yako itanipinga, nitaichapisha. Mboga na ndizi ni habari nyingine, na huko madhara yapo kweli.

Huyu naye, kama popo wa Pemba, hana kwao pengine. Makazi yake ya asili ni Unguja peke yake. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko iliyodhaniwa, lakini wengi wao wanaishi nje ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Maana yake ni kwamba wengi katika kima punju wote wa dunia wanalindwa na uvumilivu wa watu kama wewe. Wazee walimwita punju, yaani sumu, wakaamini kwamba mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya, na imani hiyo ilimkinga kwa kiasi fulani. Waliosema hivyo hawakuwa mbali sana na ukweli kuhusu chakula chake, kwani majani ya mwembe na ya mkungu anayoyala yana kemikali zinazosumbua tumbo. Ndiyo maana utamuona akishuka kwenye tanuri la mkaa lililopoa, akaokota kipande kama mtu anayechagua tende, akapanda nacho juu na kukitafuna bila ya haraka. Mkaa hufyonza zile kemikali. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu na bado linanishangaza.

Kinachomwua zaidi karibu na kwenu ni barabara. Kabla ya matuta kuwekwa pale Jozani, kima aligongwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Matuta yalipunguza, hayakumaliza. Madereva wa daladala na wa magari ya watalii wanaokwenda Paje na Makunduchi wanasoma gazeti hili. Nawaomba wapunguze mwendo kabla ya tuta, si juu yake.

Kuhusu mapato: sehemu ya fedha za wageni hurudi vijijini, na njia ya mbao inayopita katika mikoko ya Pete ni mfano ambao watu wake wanauona. Ulizeni katika kikao cha kamati yenu kiasi gani kimeingia na kimekwenda wapi. Ni haki yenu kuuliza, na hifadhi ambayo hesabu zake hazisomwi mbele ya wanakijiji haitadumu.

"Mwenyezi Mungu ndiye aliyeumba na ndiye mwenye kufisha. Akitaka kiumbe kiondoke kitaondoka. Kwa nini tujitwishe kazi isiyokuwa yetu?"
*Msomaji, Wete*

Sheikh wangu, nimelipenda swali hili kwa sababu watu wengi wanalo moyoni na hawalitamki. Mimi si mwanachuoni, nitarudia tu yale niliyofunzwa. Katika Suratul An'am, aya ya 38, tunaambiwa kwamba hakuna mnyama katika ardhi wala ndege anayeruka kwa mabawa yake mawili ila ni umma kama sisi. Katika Suratur Rum, aya ya 41, tunaambiwa kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Aya haikusema kwa kudra tu, imetaja mikono. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, alifundisha kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi na aupande. Ikiwa mche unapandwa katika saa hiyo, ambapo hakuna atakayekula tunda lake, sioni udhuru wetu sisi tulio na wajukuu.

Wapemba tunao mfano wetu hapohapo baharini. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika katika kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akatazama kisiwa, akaona kimeelekea kibla, akasema kisiwa chenyewe ni mfano wa msala, na hadi leo kinaitwa Misali. Mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na tangu mwaka 2005 imo ndani ya hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Mwanzoni wavuvi wengi hawakuona tofauti baina ya makatazo hayo na amri nyingine za serikali. Mambo yalianza kubadilika pale masheikh na walimu wa madrasa walipoingia katika kazi na kueleza, msikitini na kwa lugha ya dini, kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi na wala si mmiliki wake, na kwamba baruti inayovunja mwamba ni katika ufisadi uliotajwa. Kwangu mimi hilo ni somo kwa kila mradi unaokuja visiwani na vitabu vizuri vya picha: anzeni na watu ambao maneno yao yanasikilizwa.

Nikujibu kwa ufupi, basi. Kufisha ni kwake Mola. Bunduki, shoka na jarife ni vya kwetu, na kwa hivyo tutaulizwa.

"Babu yangu alisema Unguja ilikuwa na chui. Yupo bado?"
*Msomaji, Mjini Unguja*

Babu yako alisema kweli. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na alionekana hadi karne ya 20. Watu waliamini kwamba wachawi wanawafuga na kuwatuma, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao kwa pamoja, ambapo chui wengi waliuawa. Kamera za kujipiga zenyewe zilizowekwa Jozani mwaka 2003 zilipata picha za ngawa na kanu, chui hakuonekana. Wako watu wanaodai kumuona tangu hapo, na mimi ningefurahi kuliko mtu yeyote kama ingethibitika, lakini kwa sasa tunachoweza kukigusa ni ngozi iliyohifadhiwa makumbusho. Msomaji akipita na wanawe, na awaonyeshe.

Ninamtaja chui ili nimtaje paa nunga, ambaye bado tunaye. Ni paa mdogo mwekundu mwenye mkanda mweupe matakoni, anayeishi katika vichaka vya maweni, na ambaye hutembea chini ya miti waliyopanda kima ili aokote maua na matunda wanayoyaangusha. Mbali na Unguja anapatikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Mwaka 1983 walikisiwa kufika 5,000 Unguja. Mwaka 1999 makisio hayakufika hata 1,000. Baadhi yao walihamishiwa katika visiwa vya Chumbe na Mnemba ili kizazi kisikatike. Nawaomba wasasi wetu, ambao wanavijua vichaka hivyo kuliko mtafiti yeyote, wawazuie mbwa wao pale mmoja wao anapoinusa njia ya paa nunga. Chui aliisha huku wengi wakidhani bado yupo kichakani.

"Tumeambiwa tufunge mwamba wa pweza miezi mitatu. Sisi wanawake hatuna mashua wala nyavu. Tutakula nini?"
*Mchokoaji wa pweza, Kusini Unguja*

Mama yangu, hiki ndicho kipimo cha kila mpango wa hifadhi: anayetakiwa kusubiri ana nini jikoni? Nieleze kwanza kwa nini miezi michache inatosha. Pweza hukua kwa haraka ya ajabu na maisha yake yote hayazidi sana mwaka mmoja. Yule mdogo unayemchokoa leo, ambaye mchuuzi atakulipa bei ya chini, baada ya miezi mitatu huwa na uzito mara kadhaa. Jike hutaga maelfu ya mayai katika pango lake, huyalinda na kuyapepea maji bila ya kula kitu, na yakianguliwa hufa. Akichokolewa kabla ya hapo, mayai nayo yamekwenda. Isitoshe, mwamba uliopumzika na fimbo na miguu hupata nafuu, matumbawe hayavunjwi, na samaki wadogo hurudi.

Vijiji kadhaa vya Pemba na Unguja, kikiwemo Kisiwa Panza, vimefunga sehemu ya miamba yao kwa njia hii, na siku ya kufungua huwa kama sikukuu. Ila nimewasikia pia wanawake wakilalamika kwamba siku hiyo wanaume wenye miwani ya kuzamia, na wakati mwingine wageni kutoka vijiji vingine, hufika mapema na kuchukua pweza wakubwa wa maji ya kina, na wao waliosubiri miezi mitatu wakabakia na wa ukingoni. Malalamiko hayo ni ya kweli na yana dawa. Msikubali kufunga mwamba wote. Fungeni sehemu moja na mwache nyingine wazi ya kuendeshea maisha. Takeni kanuni iandikwe na sheha aishuhudie, iseme nani ana haki ya kuingia siku ya kwanza, na kwamba maji mafupi yatangulie kwa wachokoaji wa miguu. Takeni wanawake wawemo katika kamati ya ulinzi na katika upimaji wa mizani, kwa sababu mwenye kushika daftari la uzito ndiye anayejua mwamba umelipa kiasi gani. Haya yakikataliwa, mna haki ya kukataa kufunga, na nitasimama nanyi.

"Mimi ni mwanafunzi wa skuli ya msingi. Nikikuta kiota cha kasa ufukweni nifanye nini?"
*Msomaji mdogo, Micheweni*

Mwanangu, ukiona asubuhi alama pana mchangani zinazotoka baharini na kurudi, kama za gurudumu la trekta, ujue kasa amepanda usiku. Usichimbue na usiyageuze mayai hata kwa nia njema, kwani yai likishageuzwa mtoto aliyemo ndani anaweza kufa. Usifute alama kabla mtu mzima hajaziona. Mpigie mbio sheha au mtu wa kamati ya uvuvi ya kijiji, umwonyeshe mahali penyewe, na ukumbuke tarehe, kwa sababu mayai huanguliwa baada ya siku 60 hivi.

Siku zikikaribia, waombe wazee wako mwende pamoja jioni. Watoto wa kasa hutoka wote kwa mara moja, zaidi ya mia, na huifuata nuru iliyo juu ya bahari, kwa hivyo msiwashe tochi na mwombe taa zilizoelekea ufukweni zizimwe kwa usiku huo. Msiwabebe kuwapeleka majini. Waacheni watembee wenyewe. Nyinyi simameni kando tu, mkawafukuze kaa na kunguru.

Mtoto wa kasa akiwa ni jike, na akisalimika, atarudi kutaga katika fukwe za upande huohuo wakati wewe una watoto wanaosoma skuli. Andika tarehe uliyoiona katika daftari lako, na uniandikie tena wakishaondoka.